Kasi Haiunguzi Prosesa

Mafundi wa kompyuta wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wenzao wa Luthuli Avenue, Nairobi, hawakubaliani kwa mengi, lakini kwa hili wana kauli moja: prosesa usiiguse. Mcheza gemu akiuliza kama kompyuta yake ya mezani inaweza kusukumwa kidogo, ile kazi iitwayo ovakloki, jibu humfika kabla hajamaliza swali. Itaungua. Iache ilivyotoka kiwandani. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kauli hiyo imerudiwa hadi imekuwa kama sheria, na anayeipinga huonekana ama mtoto mwenye papara ama tajiri asiyeumizwa na hasara. Mimi si mtoto, na utajiri ungekuwapo ungejulikana. Naipinga kwa sababu inamfundisha mtu kuogopa kitu kisichounguza, na kukiamini, macho yakiwa yamefumbwa, kitu ambacho miaka michache iliyopita kiliharibu prosesa za watu wasiowahi kugusa chochote.

Tuwatendee haki kwanza, maana hofu yao haikuzuka hewani. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Kizidisho chake, yaani namba inayozidishwa na mwendo wa basi ya mfumo ili kupata kasi, kilikuwa 4.5 na hakikubadilika, lakini vijana waligundua kwamba ukiutoa mwendo huo wa basi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa hiyo hufika 450, sawa na Pentium II ya juu kabisa ya wakati ule. Miaka miwili baadaye wenye Athlon na Duron za AMD walikuwa wakifungua kizidisho kwa penseli. Ndiyo, penseli ya shule: unachora mstari juu ya vidaraja vidogo vilivyokatwa juu ya chipu, na kwa kuwa risasi ya penseli ni grafaiti inayopitisha umeme, kufuli linafunguka. Kisha mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ikaonyesha video iliyotikisa wengi. Hitisinki, kile chuma cha kupoza, iling'olewa juu ya prosesa huku kompyuta inacheza gemu. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Pentium III iliganda. Athlon ilitoa moshi na kufa ndani ya sekunde chache.

Aliyejifunza ufundi miaka ile alikuwa na haki ya kuogopa. Prosesa isiyojijua joto, feni ndogo, na mtu mwenye penseli mkononi: ni ajabu kwamba nyumba hazikuungua zaidi.

Ila hiyo ni robo karne. Prosesa ya leo ina vipima joto vingi ndani yake na hujisoma yenyewe muda wote. Intel nyingi za mezani hupunguza kasi zikigusa nyuzijoto 100. Ryzen 7000 nyingi zimewekewa 95, na Ryzen 7 7800X3D imewekewa 89. Joto likiendelea kupanda licha ya hayo, kompyuta hujizima. Feni ikifa katikati ya mechi, utaona gemu inaburuta, utalaani mtandao, kisha skrini itakuwa nyeusi. Moshi ule wa 2001 hutauona.

Hapo wapinzani wangu hutoa mfano wa injini ya gari: ukiikanyaga muda wote hadi mwisho wa mshale, itachakaa mapema. Mfano mtamu, na ni wa uongo. Injini ina pistoni zinazosuguana na silinda, kwa hiyo kila mzunguko hula chuma, na mizunguko mingi hula chuma kingi. Ndani ya prosesa hakuna kinachosuguana. Huchakaa vitu viwili: nyaya nyembamba za metali, ambazo atomu zake husogezwa polepole na mkondo wa elektroni, na tabaka za kuhami zilizo ndani ya transista, ambazo hulegea kwa volti na joto. James R. Black wa Motorola aliandika mlinganyo wa uchakavu wa nyaya hizo katika miaka ya 1960, na wahandisi wanautumia hadi leo. Ndani yake kuna msongamano wa mkondo wa umeme na kuna joto. Gigahezi hazimo.

Basi ukipandisha kasi bila kuongeza volti hutokea nini? Joto huongezeka kidogo, kulingana na kasi yenyewe. Kisha utafika mahali ambapo transista hazipati muda wa kumaliza kazi yake kabla ya mpigo unaofuata. Kompyuta huganda, au huonyesha skrini ya bluu, au hukataa kuwaka. Mazabodi nyingi zikijaribu mara kadhaa zikashindwa hurudi zenyewe kwenye mpangilio wa awali. Zisiporudi, unachomoa kibetri cha BIOS kilicho kama sarafu, unasubiri kidogo, unakirudisha. Hiyo ndiyo adhabu yote ya gigahezi zilizozidi. Hakuna prosesa iliyozikwa kwa sababu hiyo peke yake.

Volti ni habari nyingine, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo kwa sababu ndipo penye usalama wote. Nguvu inayoliwa na prosesa hufuata kasi mara volti, na volti yenyewe huzidishwa kwa volti tena. Chukua prosesa inayokula wati 100. Ipandishe kasi kwa asilimia 5 tu bila kugusa volti: itakula kama wati 105. Sasa ili kasi hiyo ikae, ongeza volti kwa asilimia 10: wati zinaruka hadi 127. Umepata asilimia 5 ya mwendo, umelipa asilimia 27 ya umeme, na umeme huo wote umegeuka joto ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Geuza hesabu upande wa pili. Punguza volti kwa asilimia 5 na kasi uiache palepale: wati zinashuka hadi 90 hivi. Kasi ile ile, joto pungufu, maisha marefu zaidi. Fundi aliyekataza kugusa chochote amekukataza na hilo pia.

Na kuna jambo baya zaidi kuliko mkono wa kijana asiyejua, nalo ni neno moja kwenye BIOS: Auto. Ukipandisha kizidisho na kuiacha volti kwenye Auto, mazabodi huamua yenyewe iongeze kiasi gani, na kwa kuwa aliyeitengeneza hataki simu za wateja wanaolalamika kwamba kompyuta inaganda, huongeza kwa ukarimu wa kutisha. Wapo waliounguza prosesa kwa ovakloki ambao hawakuandika volti mbaya. Hawakuandika volti yoyote.

Hatari ya kweli ya kasi iliyozidi ni nyingine, na ajabu ni kwamba wapinzani hawaitaji. Prosesa iliyo ukingoni haigandi kila mara. Wakati mwingine hukosea hesabu moja kati ya mabilioni na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa likiangukia rangi ya nukta moja kwenye skrini, hakuna atakayejua. Likiangukia faili la gemu ulilohifadhi, au sasisho la Windows linaloandikwa, au picha za harusi ya dada yako unazozihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, utajua baada ya miezi, na hutakumbuka kuiuliza prosesa. Anayetaka kumtisha kijana amtishe kwa hilo. Lina ukweli, na dawa yake ipo: nakala ya mafaili kwenye diski ya pembeni kabla ya kuanza, na majaribio ya muda mrefu baada ya kumaliza.

Sasa tukitazame hicho kinachoitwa mpangilio wa kiwandani, maana hapo ndipo kauli yao inapobomoka. Zamani kiwanda kiliacha akiba. Core i5-2500K ya Januari 2011 iliandikwa gigahezi 3.3 na ilipanda yenyewe hadi 3.7. Watu wenye hitisinki ya kawaida ya hewa waliifikisha 4.5 na wakaicheza hivyo kwa miaka. Akiba ile ilikuwa tahadhari ya Intel, na mtumiaji aliichukua. Siku hizi akiba huliwa kiwandani kabla boksi halijafungwa. Core i9-14900K hutoka ikiwa na ruhusa ya kufika gigahezi 6.0 kwa viini vyake viwili bora, na ili ifike huko huomba volti ambazo mtu makini asingeziandika kwa mkono wake.

Juu ya hapo mtengenezaji wa mazabodi huongeza lake. Intel inataja wati 253 kuwa kikomo cha prosesa hiyo. Mazabodi nyingi za gemu zilitoka dukani BIOS zake zikiwa zimeandika wati 4096, maana yake kikomo hakuna. Mteja ananunua, anachomeka, anawasha, na tayari anatumia ovakloki ambayo hakuiomba. Kisha anaambiwa asiiguse isije ikaungua.

Matokeo yalionekana. Kuanzia 2023, na kwa wingi zaidi mwanzoni mwa 2024, wenye Core za kizazi cha 13 na cha 14 waliona gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine zikianguka na kudai kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imeisha, hata pale kadi ilipokuwa na kumbukumbu tele. Kadi zilisingiziwa. Prosesa ndiyo iliyokuwa inakosea hesabu wakati wa kufungua data iliyobanwa. Julai 2024 Intel ikakiri kwamba maikrokodi yake, yale maagizo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiomba volti za juu kupita kiasi. Agosti ikatoa maikrokodi 0x129 yenye kuzuia maombi yanayozidi volti 1.55. Septemba ikaja 0x12B, pamoja na maelezo kwamba saketi ya saa ndani ya viini ilikuwa ikizeeka kabla ya wakati kwa volti na joto. Dhamana ikaongezwa miaka miwili. Prosesa zilizokwisha kuharibika hazikupona kwa sasisho lolote, na miongoni mwake zilikuwamo hata zisizo na herufi K, yaani zile ambazo mwenyewe hawezi kuzipandisha kasi hata akitaka.

AMD nao wana kesi yao. Aprili 2023 zilienea picha za Ryzen 7 7800X3D zilizovimba upande wa chini na soketi zilizobabuka. Prosesa hiyo imefungwa kizidisho. Aliyeiunguza hakuwa kijana wa kuchezea gigahezi. Kilichohusika ni volti ya sehemu iitwayo SoC, ambayo baadhi ya mazabodi ziliipandisha zenyewe mara mtumiaji alipowasha EXPO, ule mpangilio wa kuiharakisha RAM. AMD ikalazimisha ukomo wa volti 1.3. Na hapa kuna kichekesho: EXPO na mwenzake XMP, kwa masharti ya dhamana ya AMD na Intel, ni ovakloki. Fundi yule yule anayekataza prosesa isiguswe huwasha XMP kabla ya kukukabidhi kompyuta. Anafanya vizuri kuiwasha, kwa sababu RAM inayouzwa kama ya megahezi 6000 ikiachwa bila mpangilio huo hutembea chini sana ya kasi uliyoilipia. Ila basi asijiite mlinzi wa mpangilio wa kiwandani.

Yupo mpinzani mwerevu zaidi, ambaye hasemi itaungua. Yeye husema haina faida: prosesa za sasa zimeshakamuliwa kiwandani, utahangaika wiki nzima upate fremu tatu. Kwa prosesa za juu namkubalia karibu yote. Core i9 ya kizazi cha 14 haina cha maana ilichobakiza. Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022 ilionyesha kwamba hata gigahezi zenyewe si kitu peke yake: kasi yake ya juu ni 4.5, ndogo kuliko 4.7 ya 5800X ya kawaida, lakini kwenye gemu iliishinda kwa kashe yake ya megabaiti 96. Lakini msikilize mpinzani huyu vizuri. Ikiwa kiwanda kimekamua kila tone, basi mpangilio wa kiwandani umekaa ukingoni, na anayesema kuuacha ulivyo ndiyo tahadhari anajipinga mwenyewe. Wachague moja. Ama kiwanda kimeacha nafasi, na kuichukua hakuna ubaya. Ama hakikuacha, na kurudi nyuma kidogo ndiyo busara. Katika hali zote mbili inabidi ufungue BIOS.

Basi mcheza gemu afanyeje? Kwanza ajue kama prosesa ndiyo inayomzuia. Afungue gemu anayoicheza na atazame matumizi ya kadi ya michoro. Ikiwa asilimia 98 au 99, prosesa inaisubiri kadi, na hata ukiifikisha gigahezi 7 hutapata fremu ya ziada. Counter-Strike 2 na Valorant kwenye 1080p huibana prosesa. Gemu za mandhari mazito kwenye 4K huibana kadi. Wengi wanaotamani ovakloki wangepaswa kuishia hapa.

Anayeendelea aanze kwa kuipima kompyuta ilivyo, na hatua hii ndiyo watu huiruka. Programu ya HWiNFO huonyesha joto, wati na volti inayoliwa kweli. Aiendeshe Cinebench au OCCT kwa nusu saa huku anasoma namba hizo, na aziandike kwenye karatasi. Prosesa inayofika ukomo wa joto ikiwa bado kwenye mpangilio wa awali haina pa kupanda, na kazi yake ya kwanza ni hitisinki bora au pesti mpya. XMP au EXPO izimwe kwa muda, kwa sababu RAM yenye makosa huiga makosa ya prosesa na utazunguka usijue unamfukuza nani.

Kwenye Ryzen za kuanzia kizazi cha 5000, njia nzuri ni Curve Optimizer. Unaandika namba hasi, tuseme 10, na prosesa inaomba volti ndogo kidogo kwa kila kasi. Kwa kuwa sasa ina ubaridi zaidi, yenyewe hupanda zaidi. Unapata kasi kwa kupunguza umeme, jambo ambalo fundi wa 2001 asingeliamini. Viini havilingani, kipo kitakachovumilia 30 hasi na kipo kitakachogoma kwa 15, kwa hiyo hupimwa kimoja kimoja. Kwenye Intel zenye K, unaandika kwanza vikomo vya wati ambavyo Intel yenyewe imevitaja, unasasisha BIOS, kisha ndipo unapandisha kizidisho hatua moja moja ya megahezi 100 huku volti umeiandika wewe. Ikigoma, ongeza volti 0.01 au 0.02, na usione aibu kurudi hatua moja chini. Hatua ya mwisho ya megahezi 100 ndiyo ghali kuliko zote kwa joto, na kwenye gemu haionekani.

Ukomo wa volti usinakiliwe kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Volti 1.35 ambazo 2500K ilizivumilia miaka zinaweza kuwa nyingi mno kwa transista ndogo za leo zikiwa kazini zote pamoja. Na hata namba hiyo peke yake haitoshi. Ryzen iliyotulia huonyesha volti 1.45 kwenye kiini kimoja na watu hupiga kelele, kumbe hapo mkondo ni mdogo na hakuna madhara. Volti hiyo hiyo ikikazwa kwa viini vyote chini ya kazi nzito ndiyo huiua taratibu. Anayesoma volti bila kusoma wati na joto pembeni yake amesoma theluthi moja ya habari.

Kisha majaribio. OCCT na y-cruncher kwa saa kadhaa, halafu gemu zenyewe kwa siku kadhaa, hasa zile zinazotayarisha vivuli na mwanga wake mara ya kwanza zinapofunguliwa, maana kazi hiyo huitesa prosesa kuliko mchezo wenyewe. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows atafute makosa yenye jina WHEA. Likionekana hata moja, mpangilio huo haufai, hata kama gemu haijawahi kuanguka.

Kwetu pwani kuna hesabu ya ziada. Vipimo vingi vya hitisinki tunavyovisoma hufanywa katika vyumba vya nyuzijoto 20 au 21. Hitisinki haishushi joto chini ya la chumba. Huongeza tu juu yake. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kina 31 au 32, kwa hiyo namba zote za vipimo hivyo ziongezewe kumi hivi. Kijana wa Nairobi au Arusha ana nafuu ambayo mwenzake wa Tanga hana, na aliyeko Muscat ana kiyoyozi. Vumbi na chumvi ya hewa ya bahari navyo huziba na kula, kwa hiyo kusafisha kila baada ya miezi michache ni sehemu ya ovakloki kama ilivyo volti. Pawa saplai isiyo na jina iliyobandikwa stika ya wati 500 isiletwe kabisa kwenye mazungumzo haya. Hiyo ndiyo inayoungua, na ikiungua hulaumiwa prosesa.

Umeme unaokatika ni sababu nyingine ya watu kuogopa BIOS, na hapa hofu yao ina msingi: umeme ukikatika BIOS inapoandikwa, mazabodi inaweza kufa. Jibu ni UPS, hata ya kukopa kwa nusu saa. Jibu la kutosasisha kabisa ni ghali, kwa sababu maikrokodi zile za 2024 zilikuja kwa njia ya BIOS. Mwenye Core i9 ya kizazi cha 13 aliyetii ushauri wa kutogusa bado anaitumia prosesa inayoomba volti zile zile ambazo Intel imekiri kwamba zinaiharibu.

Wapo ambao ushauri wa kutogusa unawafaa, ingawa si kwa sababu wanayopewa. Kompyuta nyingi za mezani sokoni kwetu ni mitumba ya ofisi za ng'ambo, nyingi zikipitia Dubai: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, ProDesk. Prosesa zake kwa kawaida zimefungwa kizidisho na BIOS zake hazina hata ukurasa wa volti. Hakuna cha kugusa. Mwenye mashine hiyo asafishe vumbi, abadilishe pesti iliyokauka, aongeze kipande cha pili cha RAM ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi, na atafute kadi ya michoro kama GTX 1650 ya aina isiyotaka waya wa ziada, inayotosheka na wati 75 za mazabodi. Atapata fremu nyingi kuliko ambazo ovakloki yoyote ingempa. Laptopu nazo tuziache, nafasi ya kupoza haimo.

Limebaki suala la dhamana, ambalo hutajwa kama neno la mwisho. Ni kweli, kupandisha kasi kunaweza kukunyima dhamana, na anayenunua boksi jipya lenye risiti halisi alifikirie hilo kabla ya kuanza. Ila prosesa nyingi zinazobadilisha mikono hapa hazina boksi. Ukiuziwa i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, omba iwashwe mbele yako, soma toleo la maikrokodi, na iachwe ifungue gemu ya Unreal Engine tangu mwanzo. Muuzaji akisema hakuna haja kwa sababu haijawahi kuguswa, mshushie bei. Dhamana ile iliyoongezwa usiitegemee, kwa sababu miaka yake huhesabiwa tangu ununuzi wa kwanza, na kwa prosesa zilizouzwa bila boksi Intel ilimwelekeza mteja arudi kwa aliyemuuzia.